Umeme Umekwenda, Unarudi Vipi?

Kama uko kwenye foleni ya Magomeni Mapipa unasubiri kushuka Jangwani, hebu litazame lori la kontena lililo mbele yako. Tazama nyuma ya tela. Dereva akikanyaga breki, taa zinawaka zote mbili? Akiwasha indiketa ya kushoto, inapepesa ya kushoto peke yake, au na ya kulia inaitikia kwa mbali, huku taa ndogo za ubavuni zikififia na kurudi? Kama unachokiona hakieleweki, mazungumzo ya leo yanakuhusu, hata kama hujawahi kumiliki baiskeli. Taa za nyuma ya tela dereva wake hazioni. Anayezitumia ni wewe uliye nyuma yake.

Na watumiaji wameongezeka. Mwaka 2023 mabasi ya mikoani yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya miaka mingi ya kulala njiani ikifika saa fulani. Maana yake ni kwamba leo saa nane za usiku, kati ya Chalinze na Morogoro, kuna basi lililojaa watu waliolala, na mbele yake kuna tela. Dereva wa basi anahitaji kujua mambo mawili tu kuhusu lile tela: lipo, na linapunguza mwendo. Mambo yote mawili anaambiwa na vioo vyekundu viwili vidogo.

Nimekuwa nikipita Gerezani kuzungumza na mafundi umeme wa magari, wale wanaokaa karibu na maduka ya vipuri, na testa mfukoni mwa shati. Nikiwauliza ni ugonjwa gani wa tela unaowaletea wateja wengi, jibu halibadiliki sana. Mteja anakuja akiwa ameshanunua balbu. Siku moja nilimsikia kijana mmoja, utingo, anafika na mfuko mweusi mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeleta balbu?"

"Ndiyo mzee. Bosi kasema tubadilishe zote za nyuma, hazishiki breki."

"Ulizotoa zimeungua?"

Kijana akanyamaza. Akatoa moja mfukoni, akaiinua juani. Uzi wake ulikuwa mzima. Mzee akaitazama, akacheka, akachukua kipande cha msasa akaenda nyuma ya kichwa cha gari, kule ambako waya wa tela unachomekwa. Hakwenda kwenye taa kabisa.

Kwa nini hakwenda kwenye taa? Hapo ndipo nilipotaka tufike, na hapo nitakaa.

Watu wengi tunaujua umeme kwa nusu. Tunajua unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, kwenye swichi, kwenye waya, unafika kwenye balbu, balbu inawaka. Tumesahau kwamba ukishafika lazima urudi. Balbu haili umeme ukaisha. Unaipitia tu, kisha unatafuta njia ya kurudi upande hasi wa betri. Njia hiyo ya kurudi mafundi wanaiita arthi. Kwenye gari dogo ni bodi lenyewe, chuma kitupu, haikusumbui. Kwenye tela mambo ni mengine, kwa sababu tela na kichwa si chuma kimoja. Vimekutana kwenye ile sahani ya nyuma ya kichwa na pini kubwa ya tela, na hapo katikati kuna grisi ya kutosha kukaangia chapati. Kwa hiyo waliotengeneza utaratibu huu waliweka waya maalumu wa kurudishia, mweupe, mnene kuliko wenzake, kwa sababu taa zote zinarudi kwa njia yake hiyo moja.

Sasa waya huo mweupe ukilegea, au pini yake ikipata kutu, umeme hautulii ukasubiri. Unajua inavyokuwa hapa kwetu mvua ikinyesha, Msimbazi ukafurika, na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani. Magari hayarudi nyumbani yakalala. Yanatawanyika: mengine yanakimbilia Salenda, mengine yanajaribu Kigogo, mengine yanaingia vichochoro ambavyo siku ya kawaida hupiti na bajaji. Umeme wa tela lisilo na arthi unafanya hivyo hivyo. Unaingia kwenye uzi wa breki, unakuta njia ya kurudi imefungwa, unageuka ndani ya balbu hiyo hiyo na kuingia kwenye uzi wa taa ya kawaida, unapita kinyumenyume kwenye waya wa taa ndogo, unafika kwenye balbu za mbele ambazo arthi yake ni nzima, na huko ndiko unakorudia. Njia ndefu, balbu mbili tatu zimepangana, kila moja inapata volti kidogo. Ndiyo maana unaona dereva anakanyaga breki na taa za ubavuni zinawaka. Ndiyo maana indiketa ya kushoto inaitikiwa na ya kulia.

Na kuna dalili moja ambayo mzee wa Gerezani aliniambia nikaiona kwa macho yangu baadaye. Mchana, breki zinawaka hafifu, dereva anasema si haba. Usiku anawasha taa, na breki zinapotea kabisa. Sababu ni kwamba ile njia ya vichochoroni ilikuwa inapita kwenye waya wa taa ndogo. Ukiwasha taa, waya ule nao umejaa umeme wa volti zile zile 24 kutoka kichwani. Umeme hauwezi kwenda mahali ambapo hakuna tofauti ya volti. Pande zote mbili zimelingana, basi, hakuna kinachotembea, hakuna kinachowaka. Kwa hiyo tela linaloonekana afadhali mchana linakuwa giza tupu saa ile hasa linapohitaji kuonekana. Mtu atanunua balbu mpya dazeni, atazibandika zote, na usiku ule ule atakuwa gizani.

Basi ukikuta dalili hizi, taa zinachanganyikana, moja inaitikia ya mwenzake, usiende kwenye duka la balbu. Nenda kwenye arthi. Nenda kwanza kwenye plagi.

Plagi yenyewe, kwa malori mengi tuliyonayo, ni ya duara, ina pini saba, na ni ya volti 24. Rangi za nyaya zake zina utaratibu wa kimataifa ambao ukiukariri unakusaidia Dar es Salaam, Lusaka na Lubumbashi. Nyeupe ni arthi. Njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu ni breki. Taa ndogo za nyuma zimegawanywa, nyeusi za kushoto na kahawia za kulia, ili fyuzi moja ikikatika usipoteze pande zote mbili. Inabaki bluu, ambayo hutumika kwa mambo mengine ya tela. Kando yake kuna plagi nyingine inayofanana nayo, ya taa ya rivasi na mambo ya ziada, na walioibuni walikuwa na akili: pini ya katikati wameigeuza, ya kike ikawa ya kiume, usije ukachomeka hii mahali pa ile. Malori mapya ya Ulaya yana plagi moja ya pini 15 iliyomeza zote mbili, na hapo ndipo biashara ya adapta inapoingia, kwa sababu kichwa cha mwaka huu kinavuta tela la zamani.

Hilo ndilo tatizo letu kubwa, kwa kweli. Kichwa na tela hawajaoana. Leo kichwa cha Scania kinavuta tela lililoundwa hapa hapa Dar es Salaam na Superdoll, kesho kinavuta la Kichina, keshokutwa Howo imelichukua lile la kwanza. Kila kukutana na kuachana, plagi inachomolewa na kuchomekwa, inaning'inia, inapigwa na vumbi la Kibaha na upepo wa chumvi wa bandarini. Na njiani kila fundi aliyewahi kuitwa usiku amekata waya mahali na kuunga kwa rangi aliyokuwa nayo. Unaifungua soketi ya tela unakuta nyekundu imeungwa na kahawia, tepu nyeusi juu, na utaratibu wa kimataifa umekwisha hapo. Fundi mwangalifu haamini rangi mpaka ameipima kila pini kwa testa.

Ukiifungua plagi, tazama pini zenyewe. Zimechanwa katikati, kila moja ina mwanya mwembamba. Mwanya ule si urembo. Ndio unaozifanya pini zitanuke kidogo na kubana kwenye matundu yake. Zikichomekwa na kuchomolewa miaka, zinajifunga, zinacheza ndani ya tundu, na kila gari likipita kwenye tuta taa zinakatika na kurudi. Chukua kisu chembamba, ingiza kwenye mwanya, panua kwa kipimo cha unywele, usizidishe. Kisha futa ile kutu ya kijani kwa msasa laini mpaka uone shaba inang'aa, paka mafuta ya mgando kidogo, rudisha. Kazi ya dakika kumi ambayo sijui kwa nini inafanywa na wachache hivi.

Pini zikiwa safi na tatizo likabaki, nenda nyuma kwenye boliti inayofunga waya wa arthi kwenye chasisi ya tela. Hapa kuna kisa kinachojirudia: tela limetoka kupakwa rangi, linang'aa, mwenye tela anajivunia, na taa haziwaki. Mpaka rangi amefungua waya, akapaka, akafunga waya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwangua mpaka chuma, funga, kisha upake rangi juu ya boliti ukishamaliza, kwa mpangilio huo, si mwingine.

Utajuaje kwa uhakika kabla hujakwangua tela zima? Kwa multimeta, na kuna namna ya kuitumia. Wengi wanapima waya ukiwa hauna kazi, mashine inalia, wanasema waya mzima. Waya uliobaki na uzi mmoja kati ya nyuzi thelathini utalia vizuri tu, lakini haubebi taa. Upime ukiwa kazini. Washa taa zote, mtu akanyage breki, weka multimeta kwenye volti, ncha moja kwenye arthi ya taa ya nyuma, ncha nyingine kwa waya mrefu mpaka hasi ya betri kichwani. Njia ikiwa nzima, utasoma karibu na sifuri, chini ya nusu volti. Ukisoma volti tatu, nne, hizo ndizo volti zinazopotea njiani kurudi. Sogeza ncha ya nyuma kuelekea mbele, kiungo kwa kiungo. Palipo na ugonjwa namba itaanguka ghafla.

Hiyo ndiyo arthi. Mengine nitayapita haraka haraka.

Fyuzi ikikatika kila ukiweka, kuna waya umegusa chasisi. Mara nyingi ni pale unapopita kwenye tundu la chuma na ile pete ya mpira imekwisha. Tafadhali, usiweke karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Nimeona matokeo yake, waya umeyeyuka ndani ya boriti kwa mita kadhaa. Fanya hivi: toa fyuzi, mahali pake unganisha balbu ya wati 21 ya volti 24. Shoti ikiwepo, balbu hiyo itawaka kwa nguvu zote, wala waya hautaungua kwa sababu balbu imeshika mwendo. Sasa tembea kando ya tela ukitikisa waya. Ukigusa penyewe, balbu itafifia. Umepapata, bila kuchoma fyuzi hata moja.

Balbu nazo zina siri ndogo. Ile yenye nyuzi mbili, wati 21 ya breki na wati 5 ya taa ndogo, ukiitazama kitakoni utaona vile vijipini viwili vya pembeni havilingani; kimoja kiko juu, kingine chini. Imefanywa hivyo ili iingie kwa upande mmoja tu. Kuna watu wanakikwangua kimoja kwa tupa ili iingie upesi. Ikiingia kinyume, taa ndogo inawaka kwa wati 21 usiku kucha, basi lililo nyuma linadhani dereva yuko kwenye breki kuanzia Mikumi mpaka Iringa, na akikanyaga breki ya kweli hakuna kinachozidi. Halafu usichanganye volti. Balbu ya 12 kwenye tela la 24 inameta mara moja na kwisha. Balbu ya 24 kwenye lori la Kimarekani, ambalo umeme wake ni wa volti 12, itawaka lakini kwa unyonge, na utahangaika na arthi isiyo na kosa.

Msikilizaji mmoja alituuliza kuhusu taa za LED, kama dawa ya haya yote. Ni nzuri: hazina uzi wa kukatika kwa mtikisiko, nyingi zinakubali kuanzia volti 10 hadi 30, na umeme zinaoutumia ni kidogo. Lakini ule udogo wenyewe unazua mengine. Kuna vichwa vya kisasa vyenye kompyuta inayohesabu umeme unaokwenda kwenye tela. Ikiona ni kidogo, inadhani balbu imeungua, inapandisha alama kwenye dashibodi na indiketa inakimbia kwa kasi. Na arthi mbovu inabaki arthi mbovu. Tena LED inaificha kwa muda, kwa kuwa inahitaji kidogo, mpaka siku kutu imezidi.

Maji, kwa sisi wa Jangwani, hayawezi kusahaulika. Bonde hili limeshuhudia mafuriko makubwa Desemba 2011, na mengine baada yake. Hata karakana ya mwendokasi iliyojengwa hapa imeingiliwa na maji zaidi ya mara moja tangu mabasi yale yaanze kazi mwaka 2016. Lori linaloingia kwenye maji likiwa limewasha taa lina hatari yake ya pekee. Ndani ya kioo cha taa hewa imepata moto kutokana na balbu. Ikifika kwenye maji baridi inapoa ghafla, inasinyaa, na inavuta maji ndani kupitia kila upenyo. Na maji ya Msimbazi mnayajua, si ya mvua peke yake. Dereva akiweza kusubiri pale Fire au Mapipa mpaka maji yashuke, amejiokolea zaidi ya taa. Akishapita, afungue vioo siku hiyo hiyo, akaushe, asafishe miguu ya balbu. Mafundi wengine hutoboa kitobo chini kabisa mwa kioo maji yapate pa kutokea. Ni sawa, mradi kiwe chini.

Trafiki? Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, na faini ya papo kwa papo tunaijua, shilingi 30,000 kwa kosa. Ninachoshangaa ni kingine. Pale mizani ya Vigwaza tunalipima lori kwa uangalifu mkubwa, tani 56 zisizidi, ekseli kwa ekseli, ili lami isiumie. Lori limesimama, kichwa na tela vimeungana, dereva yumo ndani. Kumwambia akanyage breki na kuwasha indiketa mbili, mtu mmoja akiwa amesimama nyuma, kungechukua nusu dakika, na mbele yake ana zaidi ya kilomita 800 mpaka Tunduma.

Mpaka siku hiyo ije, utingo ndiye mkaguzi. Kila mnapobadilisha tela, asimame nyuma, dereva aite moja moja: kushoto, kulia, breki; kisha breki tena taa zikiwa zimewashwa, maana tumeshaona ile inayojificha usiku. Ndani ya kichwa muwe na msasa laini, tepu, fyuzi za kutosha, balbu chache za kila aina, mafuta ya mgando, na testa. Na testa hiyo mkienda kuinunua Gerezani mwambieni muuzaji ni ya lori, asije akawapa ya volti 12 ikaungua kwenye pini ya kwanza mtakayoigusa.